Bondeni, Ufunguo Anao Nani?

Vijana wa kijiweni kwetu ukiwauliza ndoto yao, nusu watakwambia Bondeni. Arusha hawataki kuisikia, Mwanza ndiyo kabisaa. Ni Joburg tu, hela nje nje! Mdogo wangu naye kaingia kwenye mkumbo huo, keshaanza kumsumbua mama auze kiwanja cha Mbagala apate nauli.

Juzi nikamkalisha. Hotuba sikumpa (nani anasikiliza hotuba?). Nikamuuliza kitu kimoja: ukifika utalala wapi? Akacheka. Eti, “Washkaji wapo.”

Ni kweli wapo. Walikuwepo pia kwenye jengo la Usindiso, mtaa wa Marshalltown, katikati ya Johannesburg, alfajiri ya Agosti 31, 2023. Ghorofa tano, mali ya jiji. Enzi za Makaburu ndipo Mwafrika alipokuwa anapangishwa foleni ya pasi ya kumruhusu kuwa mjini. Baadaye likawa makazi ya akina mama wenye matatizo, kisha jiji likalitelekeza, wajanja wakaliteka na kuanza kukusanya kodi.

Ndani humo, we acha tu. Vyumba vimekatwa kwa mbao, maboksi na mashuka, familia hapa, masela pale, taa yenu mshumaa. Moto ulipolipuka baada ya saa saba usiku, watu walikimbilia chini wakakuta geti limefungwa. Wengine wakajirusha madirishani. Akina mama walikuwa wanarusha watoto wadakwe na watu walioko chini, jamani!

Walikufa watu 76, wakiwemo watoto 12. Walikuwemo Wamalawi, Wasauzi wenyewe na Watanzania wenzetu. Wengine waliungua mpaka ikabidi vipimo vya vinasaba ndivyo viseme huyu ni nani.

Januari 2024 jamaa mmoja aliiambia tume kwamba moto aliuwasha yeye, akificha mauaji. Hayo tuwaachie mahakama. Mimi kinachonikaa rohoni ni ripoti ya tume hiyo ya Jaji Sisi Khampepe, Mei 2024: jiji lilikuwa linajua hali ya jengo lake tangu angalau 2019. Miaka minne! Halafu kuna wanasiasa ambao cha kwanza walichokiona baada ya moto ni wageni.

Na msijifanye hayawahusu nyie wa uswahilini. Hebu angalia dirisha lako: nondo. Mlango wa uani: kufuli, na ufunguo kalala nao mwenye nyumba.

Dogo alinuna siku mbili. Jumapili akampigia mshikaji wake wa huko huko Joburg, wanalala sita chumba kimoja, ghorofa ya tatu. Akamuuliza geti la chini usiku anafungua nani.

“Mkusanya kodi,” jamaa akajibu. “Ila yeye halali hapa.”

Habari ya kiwanja hajaigusa wiki hii. Mama naye hajauliza.