Kabla ya Kugusa Springi

Kazi ya milango ya chuma ya kuviringisha nilijifunzia Buyenzi, Bujumbura, mtaa ambao Kiswahili na nyundo husikika tangu asubuhi. Mzee aliyenifundisha hakuniruhusu kushika springi mpaka nilipoweza kusafisha reli, kunyoosha bati lililopinda na kuchomelea vishikio bila kusimamiwa. Nilipohamia Rumonge, kwenye maduka na maghala ya mawese, nikaona faida ya mpangilio ule: tatizo la mlango mzito mara nyingi si springi.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofurika, maji yakaingia majumbani na madukani, niliitwa huku na huku. Maji yalipotoka yaliacha mchanga na tope ndani ya reli. Mama mmoja karibu na bandari akaniambia, "Fundi, kaza springi kidogo tu, mlango haunyanyuki." Nikamwambia, "Mama, springi haina kosa," nikaomba ndoo ya maji na brashi ya waya. Tope lilikuwa limeshikana na kutu chini kabisa, kwenye pembe. Tukakwangua mpaka chuma kikaonekana, tukapaka grisi, mlango ukapanda. Ningeikaza springi kama alivyotaka, siku reli ikisafishwa mlango ungefyatuka juu na kung'oa vishikio.

Grisi, nasema, si mawese. Hapa kwetu mawese yapo kila nyumba na watu huyapaka kila penye chuma, lakini yakipoa usiku huganda, na mchana hunasa vumbi.

Springi iliyolegea kweli naijua hivi: nanyanyua mlango hadi nusu, nauachia taratibu mikono ikiwa karibu. Ukitulia, springi ni nzima. Ukishuka, imechoka. Ukikimbilia juu, imekazwa mno. Springi iliyo ndani ya ngoma inayoviringisha bati hubana zaidi mlango ukiwa chini, kwa hiyo kabla ya kuigusa naufungua mlango wote, kisha nafunga mviringo wa bati kwa kamba nene usifunguke. Hata hapo mkazo haujaisha. Mhimili wa ngoma mimi na mwenzangu tunaushika kwa spana mbili ndefu za bomba: moja inashikilia, nyingine inachukua zamu, robo mzunguko kwa robo mzunguko, na pini inayoufunga mhimili haichomolewi mpaka spana ya kwanza iwe imeshikwa barabara. Nasimama ubavuni, kamwe si kwenye njia ya mpini. Niliwahi kuona kipande cha nondo, kilichotumiwa badala ya spana, kikiteleza na kumvunja kijana mkono. Tangu hapo nikimkuta mtu na nondo kwenye mhimili namsimamisha, hata kama kazi si yangu.

Ndugu zangu wenye maduka, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac: reli safisheni wenyewe, grisi pakeni wenyewe, na kila masika yakiisha upimeni mlango hapo kwenye nusu. Pini ya mhimili msiiguse. Mwiteni fundi, na akija peke yake, mwambieni akamlete mwenzake kwanza.