Hesabu ya Ndege katika Maziwa ya Bonde la Ufa

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru huteremka ukingo wa Bonde la Ufa, na mara huliona Ziwa la Naivasha liking'aa karibu na mlima Longonot. Akiendelea mbele hupita Elmenteita, kisha hufika Nakuru. Na akielekea kaskazini hufika Bogoria na Baringo. Maziwa haya ni majirani, lakini tabia zao si moja. Maji ya Naivasha na Baringo ni matamu, na hayo mengine matatu ni ya magadi. Kwa hiyo kila ziwa lina wageni wake. Naivasha wako kwazi na mnandi, wawindaji wa samaki. Kwenye magadi wako heroe, ambao chakula cha wengi wao ni mimea ya majini midogo mno isiyoonekana kwa jicho.

Kila mwaka, mwezi wa Januari, watu hukusanyika kandokando ya maziwa kuhesabu ndege wa majini. Hesabu ya namna hii ilianzishwa katika nchi za ng'ambo mwaka 1967, na Kenya imeshiriki tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Mwezi huo umechaguliwa kwa sababu nzuri. Huko Ulaya na kaskazini ya Asia ni majira ya baridi kali. Maji huganda, na ndege wengi huwa wamekwisha kukimbilia Afrika. Tena Januari wengi wao hawamo safarini, bali wametulia. Hivyo ni vigumu ndege mmoja kuhesabiwa mara mbili katika nchi mbili.

Wahesabuji ni watu wa kila namna: wataalamu wa Makumbusho ya Taifa, askari wa wanyama wa pori, wanafunzi, waalimu, na vijana wa vijiji vya jirani wanaoongoza watalii. Wengi hujitolea bila mshahara. Hugawanywa makundi, na kila kundi hupewa sehemu yake ya ufuko pamoja na kiongozi azijuaye aina za ndege. Mmoja hutazama kwa darubini na kutaja jina na idadi. Mwingine huandika daftarini. Kazi huanza asubuhi, na makundi yote ya ziwa moja huanza pamoja, ili ndege wanaoruka kutoka upande huu kwenda ule wasiwadanganye watu.

Bata kumi huhesabika mmoja mmoja. Lakini je, heroe elfu nyingi waliosongamana? Hapo mhesabuji huhesabu mia moja kwa uangalifu, akatazama wameenea mahali pakubwa kiasi gani, kisha hulipima kundi zima kwa kipimo hicho. Na pasipo na ndege, huandika sifuri. Sifuri hiyo ina thamani sawa na elfu kumi, maana ni habari ya kweli.

Faida ya kazi hii ilionekana baada ya mwaka 2010, maziwa ya Bonde la Ufa yalipoanza kujaa kupita kiasi. Maji yalimeza miti na malisho, na lango kuu la mbuga ya Nakuru likafunikwa. Mwaka 2020 watu wa Kihoto, huko Naivasha, waliyahama makao yao. Katika Ziwa la Nakuru maji mengi yaliyapunguza makali ya magadi, chakula cha heroe kikapungua, nao wakaondoka. Mtu aliyelitazama ziwa hilo peke yake angeweza kusema kwamba heroe wamekwisha. Waliotazama na maziwa mengine waliwaona wengi huko Bogoria na kwingineko. Kufa ni jambo moja, na kuhama ni jingine. Na dawa zake si moja.

Wako waulizao kwa nini watu wahesabu ndege, na hali jirani zao wamepoteza mashamba. Swali hilo ni la haki, na hesabu haimrudishii mtu shamba lake. Lakini ndege na mkulima hutegemea maji yale yale. Ndege wakibadilika, ni dalili kwamba ziwa lenyewe limebadilika, na mwenye kumbukumbu za miaka mingi hutambua mapema. Zaidi ya hayo, kwa mujibu wa Mapatano ya Ramsar, ziwa ambalo kwa kawaida huwa na ndege wa majini 20,000 au zaidi laweza kuhesabiwa miongoni mwa yale yenye maana kwa dunia nzima. Nakuru iliingizwa katika orodha hiyo mwaka 1990, na Naivasha mwaka 1995. Wanaotetea ziwa barazani huhitaji tarakimu. Sifa tupu hazitoshi.

Wazee wa makabila kadhaa walikataza kuhesabu ng'ombe na watoto, wakihofu kuleta mkosi. Hata hivyo kila mchungaji alijua jioni ni ng'ombe gani hakurudi bomani. Ndege wa maziwa hawana mchungaji, wala hawarudi katika boma moja. Hao inafaa waandikwe, maana wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.