Mtunzi wa Ridhaa na Uteuzi wa Injini ya Michezo ya Kompyuta

Miongoni mwa watu wanaoandika programu za kompyuta, lipo kundi ambalo aghalabu halitajwi katika maandishi ya kitaaluma. Hili ni kundi la watunzi wa michezo wa ridhaa: mwalimu, karani, fundi au mwanafunzi ambaye, baada ya kazi ya mchana, huketi mbele ya kompyuta na kujaribu kuunda mchezo wake mwenyewe. Hana mwajiri anayemdai kazi hiyo, hana mshahara utokanao nayo, na mara nyingi hana mwenzi wa kumsaidia. Mtaji wake ni jioni zake. Kwa hiyo, uamuzi wowote unaozigusa jioni hizo ni uamuzi mzito, na wa kwanza miongoni mwa maamuzi hayo ni ule wa kuteua injini ya mchezo.

Injini ya mchezo ni programu inayobeba kazi ambazo karibu kila mchezo huzihitaji: kuchora picha kwenye skrini mara nyingi kwa sekunde, kupokea amri za vidole vya mchezaji, kutoa sauti, na kutambua vitu viwili vinapogongana. Dhana hii ilienea baada ya mchezo wa Doom, uliotolewa na kampuni ya id Software ya Marekani mwaka 1993. Mchezo huo ulitenga waziwazi mitambo ya programu na maudhui yake, hata watu wengine wakaweza kubuni ramani zao juu ya mitambo ile ile. Msomaji wa ushairi wa Kiswahili hatapata taabu kuielewa dhana hii. Mtunzi wa utenzi huikuta bahari yenye vipande vinne na mizani minane kwa kila kipande kabla hajaandika neno lolote. Bahari haimtungii shairi, lakini humwamulia mapema lipi litasemeka kwa wepesi na lipi litasemeka kwa shida. Injini nayo hufanya hivyo hivyo.

Bahari za kuchagua ni nyingi. Ipo Unreal, iliyozaliwa pamoja na mchezo wa jina hilo mwaka 1998 na inayosifika kwa picha zenye kukaribia uhalisi. Ipo Unity, iliyoanzia Denmark na kutolewa mwaka 2005. Ipo GameMaker, iliyobuniwa Uholanzi na Mark Overmars mwaka 1999 kwa ajili ya wanaoanza. Ipo Godot, iliyobuniwa na Juan Linietsky na Ariel Manzur wa Argentina, ambayo msimbo wake uliwekwa huria mwaka 2014. Ipo pia LÖVE, ambayo ni mkusanyiko mdogo tu wa zana kwa watumiaji wa Lua, lugha ya programu iliyozaliwa Brazil mwaka 1993.

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Methali hii inamhusu mtunzi wa ridhaa kwa namna mbili, na namna hizo hazipatani.

Kwanza, methali inamwonya. Kulinganisha injini ni shughuli inayofanana sana na kazi. Mtunzi hupakua injini moja, akafuata somo la kwanza na la pili. Kisha husikia kwamba nyingine ina vivuli vizuri zaidi, akahamia huko. Baada ya majuma machache huambiwa kuwa ya tatu ina kasi zaidi. Miezi sita hupita, naye ana miradi mitano iliyoanzwa na hakuna hata mmoja uliokamilika. Amejifunza majina ya vitufe vingi, lakini hajajua bado kama wazo lake linafurahisha. Ikumbukwe pia kwamba ukubwa wa injini si kipimo cha ubora wa mchezo. Undertale, mchezo wa Toby Fox uliotoka mwaka 2015 na kusifiwa mno kwa usimulizi wake, uliundwa kwa GameMaker. Balatro, uliovuma mwaka 2024, uliundwa na mtu mmoja kwa LÖVE. Hakuna aliyeuliza kama majembe hayo yalikuwa madogo.

Pili, hata hivyo, methali yenyewe inapwaya. Jembe la methali likishanunuliwa ni mali ya mkulima. Muhunzi hawezi kurudi baada ya mavuno kudai debe moja kwa kila gunia. Injini nyingi si jembe la namna hiyo. Ni afadhali kuzilinganisha na shamba la kukodi, na mwenye shamba ana uwezo wa kubadili masharti.

Ushahidi wa jambo hili ulitokea tarehe 12 Septemba 2023, Unity ilipotangaza ada mpya itakayoanza Januari 2024. Kwa watumiaji wa leseni ya chini, mchezo uliokwisha kuvuka mapato ya dola 200,000 kwa mwaka na kusakinishwa mara 200,000 ungetozwa hadi dola 0.20 kwa kila mara unaposakinishwa tena katika kifaa kipya. Ada hiyo ingeigusa hata michezo iliyokwisha kutolewa. Malalamiko yalikuwa makubwa. Tarehe 22 Septemba kampuni iliomba radhi na kuilegeza ada, ikiwasamehe kabisa watumiaji wa leseni ya chini. Mwezi Oktoba mkurugenzi wake mkuu aliondoka. Na mwezi Septemba 2024 ada hiyo ilifutwa kwa watunzi wote wa michezo.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba karibu watunzi wote wa ridhaa wasingelipa hata senti moja kwa masharti yale ya awali, kwa kuwa mapato yao hayakaribii kiwango kilichotajwa. Hata hivyo wengi wao walifadhaika na baadhi wakahama. Sababu si fedha. Walichokiona ni kwamba kazi waliyoifanya jana ingeweza kuwekewa masharti leo, na kwamba jioni zao zilizokwisha kutumika zilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Ada ilifutwa, lakini ujuzi huo haufutiki.

Yafaa basi kuuliza kama programu huria ndiyo jibu. Godot hutolewa kwa leseni inayoitwa MIT, ambayo inamruhusu yeyote kuitumia, kuibadili na kuuza alichokiunda bila mrabaha. Toleo aliloshika mtunzi haliwezi kunyang'anywa, hata kama wasimamizi wa mradi wangebadili nia kesho. Lakini uhuru huo una gharama zake. Msimbo unaohitajika kwa mashine maalumu za michezo hulindwa na mikataba ya siri, kwa hiyo hauwezi kuwekwa ndani ya mradi huria. Anayetaka mchezo wake ufike huko hana budi kupitia njia nyingine. Aidha, anayejifunza peke yake usiku huhitaji mafunzo na majibu, na injini kongwe zenye watumiaji wengi zina hazina kubwa zaidi ya hayo. Si haki kumlaumu anayezichagua kwa sababu hiyo.

Mfano wa Eric Barone wa Marekani unaangaza zaidi suala hili. Kwa takribani miaka minne alitengeneza peke yake mchezo wa kilimo uitwao Stardew Valley, programu, picha na muziki, huku akifanya kazi ya muda ya kuwaongoza watazamaji kwenye viti katika jumba la maonyesho jijini Seattle. Alitumia XNA, zana za bure za Microsoft zilizotolewa mwaka 2006. Katikati ya safari, kampuni iliacha kuziendeleza. Barone hakuanza upya. Aliendelea na jembe alilolijua, na mchezo ukatoka mwezi Februari 2016. Hadi mwisho wa mwaka 2024 ulikuwa umeuza zaidi ya nakala milioni 40. Mwaka 2021 mchezo huo ulihamishiwa MonoGame, mradi huria uliokuwa umeandika upya amri zile zile za XNA. Hivyo kazi yake ilinusurika kwa mambo mawili: alimaliza, na palikuwapo mlango wa kutokea. Wengi waliotumia Flash hawakuwa na bahati hiyo Adobe ilipoacha kuihudumia mwishoni mwa mwaka 2020.

Kwa mtunzi atumiaye Kiswahili kuna kipimo kimoja zaidi, ambacho hakimo katika majedwali ya kulinganisha injini. Mchezo unaomwarifu mchezaji alichokipata hauwezi kuunganisha tu tarakimu na nomino. Mikuki miwili imepatikana, visu viwili vimepatikana, mawe mawili yamepatikana. Mifumo ya matini ndani ya injini kwa kawaida hujua umoja na wingi tu. Upatanisho wa ngeli huachiwa mtunzi auandike mwenyewe. Aidha, anayetaka kuonyesha katika mchezo utenzi wa kale kwa hati za Kiarabu anahitaji injini inayoandika kutoka kulia kwenda kushoto na kuunganisha herufi ipasavyo. Godot ilipata uwezo huo katika toleo la 4.0 la mwaka 2023. Jambo kama hili hujulikana kwa kujaribu sentensi moja kwenye skrini, wala si kwa kusoma sifa.

Kutokana na hayo, inaelekea kuwa maswali ya mtunzi wa ridhaa ni matatu, na nguvu ya injini si mojawapo. Je, anaweza kuukamilisha mchezo mdogo kwa injini hii? Mashindano ya Ludum Dare, yaliyoanzishwa mwaka 2002, yaliwazoesha watunzi wa peke yao kumaliza mchezo kwa saa 48. Mtu mwenye ajira anaweza kujipa majuma mawili, na mwisho wa muda huo atakuwa na jibu ambalo mwaka mzima wa kulinganisha usingempa. Je, leseni inasema nini kuhusu kazi iliyokwisha kufanywa, na nani anaweza kuibadili? Na je, injini ikifa au mwenyewe akigeuka, ni sehemu gani ya kazi itabaki mkononi: picha, muziki, hadithi, kanuni za mchezo?

Akishayajibu maswali hayo, na afunge mjadala. Anayelima kwa jioni hana msimu wa kupoteza, na kwa mtu kama huyo injini bora ni ile ambayo mchezo wake wa kwanza umeisha ndani yake.