Nyama ya Mtini

Wengi husoma habari za uwindaji wa chui wakingoja bunduki ilie. Mjomba wangu, aliyesoma nyayo misimu mingi katika kitalu cha Kimali, Pori la Akiba la Maswa, hakuwahi kunisimulia bunduki. Alisimulia nyama.

Swala pala mzima, au paja la pundamilia, hupandishwa kwenye tawi la mgunga na kufungwa kwa mnyororo au waya, maana ukitumia kamba ya mchezo mchezo chui anaondoka na mzigo wote. Ikining'inia chini, fisi anairukia. Ikikaa wazi, tai wanaiona, hivyo inafunikwa matawi. Utumbo huburutwa chini hadi kwenye shina, uache harufu. Kibanda cha maficho hujengwa upande ambao upepo unatoka kwa chambo kuja kwa watu. Halafu ndo kazi yenyewe: kila asubuhi kuzunguka mti kwa mti, kutazama gome limekwaruzwa wapi, nyama imeliwa kiasi gani, unyayo una ukubwa gani. Sheria inaruhusu dume tu, na unyayo ndio unaoanza kusema.

Jim Corbett, aliyefariki Nyeri mwaka 1955, aliandika kitabu kizima kuhusu kumvizia chui wa Rudraprayag, India. Nakipenda sana. Lakini chui yule alikuwa ameua watu zaidi ya 120. Wa Kimali hajakosana na mtu, anaalikwa chakula.

Na hapo ndipo ninapokwama. Nyama ileile, jirani yetu akikutwa nayo jikoni bila kibali, ni kesi ya nyara za serikali. Nilimuuliza: "Mjomba, hukuwahi kukata hata kipande?"

Akacheka. "Mpwa wangu, ya chui ni ya chui. Hata huyo swala amelipiwa."

Nyumbani tulikuwa tunakula michembe. Karo yangu ya sekondari, hata hivyo, ilitoka kwenye mti ule, kwa hiyo sina mdomo wa kuwalaani wawindaji kama wanavyofanya marafiki zangu wa mjini. Wala sina moyo wa kuwasifu.

Siku hizi mjomba amestaafu, anafuga mbuzi. Mwaka jana mmoja alichukuliwa usiku. Asubuhi akainama, akatazama nyayo kwa muda mrefu, akasema, "Jike hili." Kisha akaenda kukata miiba ya kuongeza kwenye zizi.