Majani ya Kichina na Homa ya Mjukuu Wangu



Wapenzi wasomaji, leo naandika jambo linalonihusu mwenyewe. Masika yaliyopita mjukuu wangu wa miaka minne alishikwa na homa. Mamake akamchemshia majani makavu ya artemisia, mmea ambao Wachina huuita qinghao, akamnywesha siku tatu. Homa ikashuka, nasi tukamshukuru Mola. Binti yangu simlaumu. Ni mimi niliyeyasifu majani yale barazani, mbele za watu, bila ya kumuuliza mjuzi.

Usiku wa siku ya nane homa ilirudi kwa degedege. Hospitalini damu yake ilipopimwa ilionekana imejaa vijidudu vya malaria. Alipoanza kudungwa sindano, muuguzi akaniambia, "Sheikh, dawa hii asili yake ni mmea uo huo." Nilinyamaza.

Baadaye nilisoma. Tabibu wa Kichina, Ge Hong, katika karne ya 4 Miladi, aliagiza majani hayo yarowekwe majini kisha yakamuliwe, hakutaja kuyachemsha. Kutokana na maneno hayo Bi Tu Youyou, aliyekuwa akitafuta dawa ya malaria tangu mwaka 1969, alitambua kwamba huenda moto ndio unaoiharibu nguvu yake. Akaitoa bila ya joto kali, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. (Wanaowazuia binti zao kusoma na wasikie.)

Dawa iliyotokana na mmea huo ndiyo iliyomo katika vidonge vya AL tunavyopewa zahanati, pamoja na dawa ya pili, kwa kipimo maalumu: mara sita kwa siku tatu. Chai haina kipimo. Jani la shamba hili si sawa na la shamba lile. Vijidudu hupungua visiishe, na vinavyosalia vyaweza kuizoea dawa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halikubali majani hayo, yawe chai au unga, kuwa tiba wala kinga ya malaria. Mwenye mimba naye asiyanywe pasi na ushauri wa daktari.

Kujitibu tumeamrishwa, na mitishamba siikatai; habbasoda haikosekani nyumbani kwangu. Lakini mafaqihi wamesema atibuye bila ya ujuzi hubeba dhamana ya madhara yake, na hukumu hiyo nimeisomesha miaka mingi. Nimekwisharudi barazani nikayafuta maneno yangu. Mjukuu yuko chuoni, ameanza Juzuu Amma.