Chaki Chini ya Raba

Mstari wa pointi tatu ulichelewa kutufikia mitaani. FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa vikapu, liliupitisha mwaka 1984, lakini viwanja vyetu vya saruji kando ya Jogoo Road vilikuwa bado na rangi ya zamani iliyobanduka. Mwishoni mwa miaka ya themanini, asubuhi ya mechi, tulining'iniza jiwe kwa uzi kutoka katikati ya ringi, tukatia alama chini yake, kisha tukapima mita 6.25 kwa kamba na kuzungusha chaki. Kipimo kiliishia ukingo wa nje wa mstari, hivyo aliyeukanyaga alikuwa bado kwenye eneo la pointi mbili.

Mechi moja ya vijana wa Jericho na wa Kaloleni haijanitoka akilini. Kaloleni walikuwa mbele kwa pointi mbili, sekunde zikiyoyoma. Kijana wa Jericho alipokea pasi, akaruka, akaachia. Sikuutazama mpira, kazi yangu upande ule ilikuwa miguu. Niliona saruji tupu kati ya ncha za raba zake na chaki. Kengele ya mezani ililia mpira ukiwa hewani, nao ukaingia. Nikainua mikono yote miwili, vidole vitatu kila mkono.

Nahodha wa Kaloleni alikuja mbio, akaunyanyua mguu wa mfungaji. Soli ilijaa chaki.

"Refa, tazama! Amekanyaga!"

Mashabiki wakamiminika uwanjani. Nilimwinamisha nahodha tuutazame mstari pamoja: chaki ilikuwa imeburutwa kuelekea ndani, pale kijana alipotua. Sheria inataka kujua mguu uligusa wapi mara ya mwisho kabla ya kuruka. Akishakuwa hewani, hata akitua chini ya ringi, tatu ni tatu. Kengele nayo haikubatilisha kitu, maana mpira ulikwishatoka mkononi.

"Mbona hatukuambiwa haya kabla ya mechi?" akauliza, sauti imeshuka.

Alikuwa na haki kabisa. Vijana wale walicheza kwa sheria za kusikia. Kitabu kilizunguka mikononi mwa marefa tu, na naamini ni dhuluma kumhukumu mchezaji kwa kitabu asichopata kukiona. Tangu hapo niliwaita manahodha mstarini kabla ya kila mechi, nikawaeleza yote kwa Kiswahili.

Mwaka 2010 mstari ulisogezwa hadi mita 6.75. Wenzetu wa Kaloleni bado hunisimamisha karibu na soko la Burma kuniuliza habari ya chaki ile, nami nawajibu vilevile: pointi tatu.