Herufi Moja Katika Python

Wazazi hutuuliza kama kijana anayejifunza Python anahitaji kununuliwa kitu. Hahitaji. Lugha hiyo ya kompyuta, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, ni ya bure. Na pandas, maktaba tunayoitumia kujumlisha michango ya mwaka mzima kwa mistari michache, ni ya bure vilevile. Programu iitwayo pip huileta kutoka PyPI, ghala lililo wazi katika intaneti.

Uwazi huo ndio unaotutia hadhari. Mwaka 2017 Mamlaka ya Usalama wa Taifa ya Slovakia iligundua humo maktaba 10 za hila. Mojawapo iliitwa urlib3, ilhali ya kweli ni urllib3. Aliyesahau herufi moja alipata maktaba iliyofanya kazi kama ile halisi, huku ikipeleka kwa siri jina lake la mtumiaji na jina la kompyuta yake. Zilifutwa, lakini hila yenyewe haikufa.

Basi jina lisomwe herufi kwa herufi kabla ya kuagizwa. Chombo cha venv, kijacho na Python yenyewe, huzuia maktaba za kazi mbili zisigombane, mwizi hakimzuii. Ndiyo maana kompyuta yenye daftari la michango hatuijaribii maktaba ngeni.